Taa Isiyowaka

Leo naomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya gari. Najua wako akina mama wanaotusikiliza wakiwa jikoni, nao watasema, "Mchungaji leo amepotea njia." Nivumilieni kidogo. Gari lenyewe lilikaa uani kwa dada yangu miezi mitano, na sehemu ya fedha zilizolinunua ilitoka katika chama cha akina mama.

Mwaka jana mpwa wangu, kijana karani wa duka la vifaa vya ujenzi, alifika nyumbani kwangu jioni moja akiendesha Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, rangi ya buluu. Alikuwa ameweka akiba miaka minne, na mama yake akamwongezea. Gari lilitoka Japani likiwa limetumika, likaingia Mombasa mwaka 2011, kwa maana Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini ikiwa halijapita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Baada ya hapo lilipita mikono kadhaa mjini Nairobi mpaka likamfikia yeye. Muuzaji alimwambia kwamba halijawahi kupata ajali.

Sitamlaumu kijana kwa kulipenda. Mimi mwenyewe, miaka ya 1990, nilisimama kando ya barabara ya vumbi pamoja na wenzangu tukingojea magari ya Safari Rally. Tulisikia helikopta kwanza, ikitangulia kumwonya dereva juu ya ng'ombe na punda walio mbele. Halafu tukaona vumbi. Halafu gari likapita, nasi tukabaki tukitafuna mchanga kwa furaha. Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Mtoto aliyeyaona hayo hayasahau, hata akivaa kola ya ukasisi.

Basi kijana alikuwa na orodha. Alitaka ekzosi kubwa. Alitaka turbo isukume hewa zaidi. Alitaka gari lishushwe chini na liwe na magurudumu mapana. Zaidi ya yote alitaka lingurume, kwa sababu lake halikunguruma kama zile Subaru za vijana wengine. Tukaenda pamoja kwa fundi mmoja karibu na Kirinyaga Road, mzee ninayemfahamu tangu kabla sijaenda chuo cha theolojia, wakati nilipokuwa nikishika spana ili nipate nauli.

Fundi akaisoma ile orodha, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Akasema, "Kijana, ule mngurumo unatokana na paipu za moshi ambazo urefu wake hautoshani. Moshi wa upande mmoja unachelewa, wa upande mwingine unatangulia. Hili lako walilitengeneza paipu ziwe sawa, ili turbo ipate pumzi sawasawa. Unataka nikate kitu kizuri ili lipige kelele?"

Kisha akatueleza habari ya nguvu, nami nitawapa kwa ufupi. Injini hii ni ya lita 2, na pistoni zake zimelala ubavu, mbili huku na mbili huku, zikienda na kurudi kama watu wanaopigana ngumi. Kiwandani walitangaza nguvu za farasi 280. Makampuni ya Japani yalikuwa yamepatana tangu mwaka 1989 yasitangaze zaidi ya hapo kwa magari ya nchini mwao, na mapatano hayo yakaisha mwaka 2004. Kwa hiyo vijana husema nguvu nyingine imefichwa humo ndani, kazi ni kuifungulia tu. Si rahisi hivyo. Ukiongeza hewa bila kurekebisha kompyuta ya gari, petroli haitatosha ile hewa, moto utakuwa mkali kupita kiasi, nayo pistoni itapasuka. Tena huko kwao injini hizi hupewa petroli ya daraja la juu, ambayo okteni yake hufikia hata 100, na ya vituo vyetu kwa kawaida iko chini ya hapo. Turbo yenyewe huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na uhai wake ni mafuta ya injini. Mwenye kuchelewesha kubadili mafuta asiongee habari za farasi.

"Breki kwanza," akasema yule mzee. "Kisha tairi. Kisha mafuta, mikanda na mipira. Nguvu ni ya mwisho. Na kabla ya yote, nenda ukalioshe."

Kijana akacheka. Akasema, "Mzee, gari ni safi."

"Upande wa juu," akajibu fundi.

Hata hivyo alianza na upande huo wa juu, na kwa kweli alifanya kazi nzuri. Jumamosi mbili nzima nilimwona akiinama. Taa za mbele zilikuwa zimekuwa za manjano kwa jua, kama macho ya mgonjwa. Akazisugua kwa msasa wa maji, ule wa 800, kisha 1500, kisha 2000, akamalizia kwa dawa ya kung'arisha na kuzipaka kinga ya jua. Zikawa kama kioo kipya. Akaifunika altaneta kwa mfuko wa plastiki, akaosha injini kwa brashi na maji kidogo, si kwa mpira wa kurusha maji kwa nguvu, maana maji yakiingia kwenye nyaya utasukuma gari mpaka nyumbani. Akavitoa viti, akavifua. Chini yake akakuta peni na sarafu ya yen mia. Kisha akasugua rangi mpaka watoto wa jirani wakaja kujitazama mlangoni pake. Dada yangu naye alijitazama, akarekebisha kitambaa chake kichwani, akasema, "Sasa naona fedha zangu."

Jumamosi ya tatu tuliliinua kwa jeki, tukaliweka juu ya vigingi vya chuma, fundi akaja na tochi. Tafadhali, ndugu msikilizaji, usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tulikuwa na mafuta ya taa, brashi na vitambaa. Tope la miaka likaanza kuanguka kwa mabonge, na kutu ikaonekana. Katika pande za Japani zenye theluji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa na magurudumu ikajificha ndani ya bodi. Gari huvuka bahari likija kwetu kwenye jua, lakini kutu haikubaki bandarini. Pale juu ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo shokamzoba hushikamana na bodi, fundi aligonga kwa bisibisi, na bisibisi ikaingia.

Akachukua sumaku iliyofungwa kitambaa, akaanza kuipitisha juu ya bodi yote. Ilipofika kwenye boneti ikateleza, kijana akashtuka. Mzee akamtuliza, "Hapo usiogope, boneti hii ni ya alumini." Lakini upande wa mbele kushoto, karibu na mlango, sumaku ikateleza tena, na hapo palipaswa kuwa chuma. Palikuwa pati, ile wanayojazia mabonde ya bati, nene kama kidole, na juu yake ile rangi ya buluu iliyosuguliwa kwa Jumamosi mbili. Chini ya pati, mbavu ya chesisi ilikuwa imekunjwa, ikanyooshwa, ikachomelewa ovyo.

Fundi hakusema neno. Alifungua boneti, akafuta vumbi kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa karibu na injini. Huko Japani mafundi huandika hapo siku waliyobadili mkanda wa taiming na kilomita zilizokuwepo. Maandishi hatukuyajua, lakini tarakimu ni zilezile. Mwaka ulikuwa 22. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wa 22 ni 2010. Kilomita zilikuwa 101,300. Tukatazama mita ya gari. Ilionyesha 97,000. Miaka yote hiyo katika barabara za Nairobi, na gari lilikuwa likirudi kinyumenyume!

Halafu akamwambia kijana afungue swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zikawaka. "Hesabu," akasema. "Iko wapi ya mfuko wa hewa?" Ile mifuko inayofutuka gari likigonga ina taa yake, ukifungua swichi sharti iwake kwa sekunde chache kisha izime. Hiyo ndiyo dalili kwamba ni nzima. Hii haikuwaka kabisa. Tulipofungua tulikuta mifuko haimo, na mtu alikuwa ameing'oa taa ili isije ikasema.

Mpwa wangu aliketi chini kwenye mafuta ya taa na tope lake.

Fundi alieleza wazi. Injini ni nzuri. Gia zake 6 ni nzuri, na breki zake za Brembo ni nzuri. Bodi haifai kuongezewa nguvu hata ya farasi mmoja, na kuitengeneza kwa haki kungegharimu karibu bei ya gari. Lingeweza kukatwa na kuuzwa vipande vipande, polepole, kwa hasara. Au, akasema akitazama pembeni, lingeweza kufunikwa tena. Pati ni bei rahisi.

Sasa ndugu zangu, nitawaambia jambo ambalo halinipendezi. Usiku ule dada yangu alinipigia simu akilia. Fedha za chama alipaswa kuzirudisha kabla ya Desemba. Mpwa wangu akachukua simu, akaniuliza, "Mjomba, mimi sikuambiwa. Na mimi nikiuza bila kusema, nitakuwa nimedanganya?" Nilikuwa na jibu. Nimelihubiri mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Lakini nilifikiri juu ya dada yangu, nikamwambia, "Tutaombea jambo hili," nikakata simu. Mchungaji akisema hivyo kwa haraka, mara nyingine anatafuta mlango wa kutokea. Mwaka uliotangulia nilimzika kijana wa mtaa wetu aliyekufa ndani ya gari la namna hiyohiyo. Nililijua kaburi lake lilipo, na bado nilinyamaza.

Wiki mbili baadaye alikuja mnunuzi. Nami nilikuwepo siku hiyo, nimekaa barazani na kikombe cha chai. Alikuwa kijana mpole, amekuja na mkewe na mtoto wa miaka mitatu hivi. Alizunguka gari akatikisa kichwa kwa furaha. Alijitazama mlangoni, kama wengine wote. Mkewe akampandisha mtoto kiti cha nyuma, naye mtoto akaanza kurukaruka akiigiza sauti ya injini. Mtu yule hakutaka hata kupunguziwa bei. Alikuwa na fedha taslimu, zote, na zilitosha kurudisha zile za chama na kubaki. Dada yangu alisimama mlangoni pa jikoni ameshika mwiko. Hakuna aliyenitazama, nami nikatazama chai yangu.

Mpwa wangu alimwomba mnunuzi aketi kwenye kiti cha dereva. Akainama dirishani, akamwambia, "Fungua swichi, lakini usiwashe injini. Sasa tazama hizi taa. Nihesabie."

Yule mtu akahesabu, akitabasamu.

"Kuna moja haipo," akasema mpwa wangu. "Nitakuambia ni ipi na kwa nini."

Alimwambia yote: chumvi, pati, mbavu, mita, karatasi ya Wajapani. Alimletea hata ile sumaku. Aliongea kwa sauti ndogo, na kabla hajamaliza, yule mama alifungua mlango wa nyuma akamtoa mtoto wake, akambeba ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea. Mnunuzi aliikunja bahasha yake, akasimama muda, akamshika mpwa wangu mkono, wakaenda zao. Dada yangu akarudi jikoni.

Niliacha chai yangu, nikamfuata kijana pale garini, nikamwambia kwamba jibu nililonyima kwenye simu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Akasema, "Najua, Mjomba."

Gari lilikatwa. Gia na breki ziliuzwa kwanza, kisha milango na vile viti safi. Chama kilimpa dada yangu muda hadi Pasaka, naye alimaliza kulipa mwezi wa tano. Injini haijapata mtu. Iko uani, chini ya turubai, karibu na banda la kuku, na kila Jumamosi kijana huizungusha kwa mkono kidogo ili isishike.