Samaki Mgeni Katika Bonde la Kyela



Katika sherehe hii ya miaka kumi mmekwisha kusikia habari za mpunga na kakao, nasi tumepewa nafasi ndogo ya kunena juu ya samaki. Twaomba mtuvumilie, kwa maana wako kati yenu wakulima wenye mabwawa ya samaki, na neno letu lawahusu hao kuliko wavuvi wa Matema.

Samaki tumnenaye ni sato. Kwao ni mto Nile na maziwa kadhaa ya Afrika, lakini katika Ziwa Nyasa hakuwamo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba amekwisha kuingia katika maji ya bonde la ziwa hili upande wa Tanzania. Samaki huyu hupendwa na wafugaji kwa kuwa hukua upesi na nyama yake ni tamu. Hatukuja hapa kumtukana.

Shida yake twaijua kutoka Ziwa Victoria. Huko sato alipandwa katika miaka ya 1950, na sangara pia, na ngege wa asili aliyekuwa riziki ya watu wa mwambao ule akapungua hata karibu kutoweka katika ziwa lenyewe. Kwetu walio hatarini ni chambo, jamaa za sato, ambao asili yao ni maji haya wala si mahali pengine. Sato hugombea chakula na mahali pa kuzalia, tena huweza kuzaana na perege wa aina nyingine hata mbegu ikachanganyika. Mchele uliochanganyika na chuya waweza kupepetwa. Hapa hapana ungo.

Basi, tumle? Ndiyo, tumle sana, wa kukaanga na wa kubanika, kwa wali wetu. Lakini kula peke yake hakutoshi. Huko Kenya samaki aitwaye karpi alionekana katika Ziwa Naivasha karibu na mwaka 1999, na baada ya miaka kumi hivi ndiye aliyevuliwa kuliko wote. Watu walimla, wakapata fedha, naye hakuisha. Marekani nako karpi wa Asia wamejaa katika mto Mississippi, na mwaka 2022 jimbo la Illinois likawapa jina jipya, kopi, ili wanunuzi wasiwadharau. (Sato hahitaji jina jipya; taabu yetu ni kwamba apendwa mno.) Soko likimpenda samaki, hakosi kutokea mtu wa kumtia ndooni akiwa hai, ampeleke bwawa jingine.

Hapo ndipo penye shauri letu. Jike la sato huatamia mayai kinywani, hata jike mmoja ndani ya ndoo ni mbegu ya kutosha. Sato wa bonde hili na auzwe amekufa, mbichi au mkavu, wala asisafirishwe hai kamwe. Kumtambua si kazi: mkia wake una mistari myembamba iliyosimama toka juu hata chini.

Tena mwajua mvua za Aprili. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikifurika, ukuta wa bwawa si ukuta tena. Kwa hiyo bwawa la sato lililo kando ya mto yafaa likaushwe kabisa hata tope lipasuke, kwa maana vifaranga hujificha katika vidimbwi. Kisha wapandwe perege wa asili ya bonde letu.

Wako wanachama watakaosema kwamba vifaranga walivinunua kwa fedha yao, na bwawa ndilo lilipalo karo ya watoto. Neno hilo ni la haki. Mtu akiamriwa aue bwawa lake pasipo kupewa kitu, atavua mchana na kupanda usiku. Haifai mkulima mmoja abebe gharama ya ziwa zima, na ndiyo sababu tumelileta jambo hili mbele ya Chama na si mbele ya polisi. Twaomba Kamati ifikirie kununua mavuno yale ya mwisho kwa bei ya soko, na kumpa mwenye bwawa vifaranga vya perege wa asili bila malipo.

Hesabu ya mabwawa na ianze kando ya Mbaka na Kiwira, kabla ya mwezi wa Machi.