Ukili Mkononi, Rafiki Ubavuni: Kazi ya Wanawake wa Lamu Wakati wa Kaskazi



Katika visiwa vya Lamu mwaka hauhesabiwi kwa miezi peke yake, bali huhesabiwa kwa pepo. Tangu Desemba hata Machi huvuma Kaskazi, na hayo ndiyo majira ya joto. Zamani za biashara ya majahazi, upepo huo ndio uliovileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na watu wa Amu, Shela, Pate, Siyu na Faza wakingojea tende, chumvi, mazulia na habari za ng'ambo. Majahazi hayo hayaji tena kwa wingi ule, lakini Kaskazi huja vile vile, na pamoja nayo huendelea desturi moja ambayo haikupata kusifiwa kwa kadiri inavyostahili. Alasiri, jua linapopunguza ukali wake, wanawake marafiki hukusanyika mahali penye upepo, kila mmoja na kazi yake mkononi.

Kazi yenyewe ni ya namna mbili. Moja ni kushona kofia za viua, ambazo kitambaa chake cheupe hutiwa nakshi za vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu kikazungushiwa uzi kwa sindano. Kazi hiyo hufanywa na wanawake na wanaume pia. Ya pili ni kusuka ukili, na hiyo ndiyo itakayozungumzwa zaidi hapa, kwa kuwa haihitaji mtaji mkubwa wala chombo cha thamani. Mwenye vidole, macho na subira huweza kuianza.

Ukili huanzia porini. Makuti machanga ya mkoma, yale ambayo bado hayajafunguka, hukatwa na kuanikwa juani mpaka yageuke rangi. Kisha huchanwa kwa urefu kuwa nyuzi bapa zenye upana sawa, nazo huitwa chane. Chane zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa. Zamani rangi nyeusi ilitoka katika mdaa, ya kahawia nyekundu katika magome ya mkandaa, na ya kimanjano katika bizari. Siku hizi watu wengi hununua rangi ya unga dukani. Baada ya hayo chane husukwa kuwa utepe mrefu, nao ndio ukili. Ukili ukitosha, hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie.

Hapa ndipo majira yanapoingia katika kazi. Jua la Kaskazi ni rafiki mkubwa wa mwanikaji, kwani makuti hukauka upesi wala hayaingii koga kama yanavyoingia wakati wa masika. Lakini jua hilo hilo ni adui wa msusi. Chane iliyokauka mno hukatika kidoleni, na ukili uliosukwa kwa chane kavu huwa na mapengo. Kwa sababu hiyo msusi mzoefu huzinyunyizia chane zake maji kidogo na kuzifunga katika nguo yenye unyevu, naye hupenda kusuka asubuhi mapema au jioni. Saa za mchana huachiwa kuchana na kupanga rangi. Kwa hiyo si uvivu unaowafanya watu wakutane alasiri. Ni ile kazi yenyewe iliyowafundisha saa yake.

Mtu asiyeijua Lamu aweza kudhani kwamba mkeka ni kitu cha kulalia tu. Sivyo. Kijiji cha Kipungani, kilichoko kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu, kinajulikana kwa mikeka, vikapu na vifumbu vya kukamulia tui la nazi. Katika nyumba huonekana kawa la kufunikia chakula, kipepeo cha kupepea moto, na msala wa kusalia. Katika vichochoro vya mji, ambamo motokaa hazipiti na mizigo hubebwa na punda, shogi lililosukwa hutundikwa mgongoni mwa mnyama likachukua mchanga, mawe na nazi. Hata baharini ukili ulikuwa na heshima yake, kwa maana mtepe, kile chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba bila ya misumari, ulikwenda kwa tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini wageni huweza kuona mfano wake katika jumba la makumbusho la Lamu. Mwanadamu wa pwani huzaliwa juu ya mkeka, huolewa juu ya mkeka, na jamaa zake hukaa juu ya mkeka kumwombea siku atakapoaga dunia.

Sasa yafaa kuutazama ule mkutano wenyewe. Mji wa Lamu ulijengwa kwa namna ya kuhifadhi faragha. Nyumba ya mawe ina daka mlangoni, ambapo wanaume huketi, na ina kiwanda ndani, ambapo wenyeji hupata hewa na mwanga bila ya kuonekana na wapitao njiani. Baadhi ya nyumba za jamaa moja ziliunganishwa kwa wikio, yaani chumba kilichopita juu ya njia kutoka nyumba hii hata ile. Kwa hiyo mwanamke aliweza kumwendea mwenzake na kazi yake kwapani pasipo kushuka barabarani. Katika vijiji vya Matondoni na Kipungani, na kule kisiwani Pate, ambako nyumba nyingi ni za makuti, kivuli cha mti au cha ukuta hutosha.

Katika mkutano huo hakuna mwalimu aliyeajiriwa, lakini mafunzo hayakosekani. Kila mmoja huona kazi ya mwenzake. Aliyebuni mpango mpya wa rangi huutandaza mapajani, na wengine huuhesabu kwa kidole: chane ngapi nyeusi, ngapi nyeupe, ugeuke wapi. Mwenye kukosea huambiwa pale pale. "Shoga, ukili wako wayumba, fumua mpaka hapa," atasema rafiki, wala asichukiwe kwa kusema hivyo, kwani mkeka uliopinda hauwezi kunyoshwa baada ya kushonwa. Bibi mkubwa aliyepungukiwa na nguvu ya macho bado husuka kwa kupapasa, na binti aliye karibu naye husikia, "Mwanangu, vuta chane, usiibembeleze." Pamoja na hayo huzungumzwa bei ya samaki, homa ya mtoto, posa iliyoletwa, safari ya Mombasa. Mtu mwenye jambo zito moyoni huona wepesi kulitoa macho yake yakiwa juu ya ukili kuliko yakiwa juu ya uso wa mwenziwe.

Faida hiyo ya kazi na maongezi haikujulikana Lamu tu. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 1952, vikundi vyake viliwakusanya akina mama kujifunza usafi, malezi ya watoto, ushonaji na ufumaji. Kufuma kwa sufu ni kazi nzuri mahali penye baridi, lakini sufu na joto la Kaskazi havipatani. Watu wa visiwani hawakuwa na haja ya kuazima kazi ya mbali ili wapate sababu ya kukutana, maana mikono yao ilikwisha kuwa na kazi yake.

Hata hivyo kazi hiyo imo katika mashaka, na yapasa mashaka hayo yasemwe wazi. La kwanza ni mkeka wa plastiki utokao kiwandani. Huo ni mwepesi, una rangi za kung'aa, huoshwa kwa maji, na bei yake ni ndogo. Kofia nazo zimepatwa na jambo lilo hilo, kwa kuwa mashine ya ng'ambo hutoa nyingi kwa muda ambao mshoni wa mkono hajamaliza nakshi moja. Wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa plastiki hupita upesi kweli kweli. Ukichanika haushoneki, na ukitupwa hauozi. Mkeka wa miyaa ukichakaa hurudi kuwa udongo.

Katika jambo hili nyakati zimeanza kumwelekea msusi. Tarehe 28 Agosti 2017 ilianza kutumika nchini Kenya amri ya kukataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na kwa amri hiyo kikapu kilipewa tena nafasi sokoni. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini dau lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, liitwalo Flipflopi, ili kuwaonyesha watu wingi wa takataka zitupwazo baharini. Tena mji mkongwe wa Lamu uliandikwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2001, na sherehe za utamaduni zifanywazo mjini humo huonyesha ususi na ushonaji wa kofia pamoja na mashindano ya madau na ya punda.

Lakini sifa peke yake hazinunui unga. Shaka la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza, ni ujira. Na ichukuliwe hesabu kwa mfano tu. Msusi amefanya mkeka kwa siku 15, kila siku saa 4. Hizo ni saa 60. Ameuuza kwa shilingi 1,500, na makuti na rangi vilimgharimu shilingi 300. Zimebaki 1,200, yaani shilingi 20 kwa kila saa. Sasa na aje mnunuzi aombe apunguziwe mpaka 1,200. Yeye hudhani kwamba amepunguza sehemu moja ya tano ya bei. Kumbe makuti na rangi hazikupungua gharama. Mkononi mwa msusi zimebaki 900, na robo nzima ya ujira wake imekwenda. Mtu asiyeandika siku zake wala gharama zake hawezi kuliona jambo hilo, naye hufurahia fedha aliyoishika bila ya kujua aliyoipoteza.

Basi hapo ndipo urafiki unapopata kazi nyingine. Wanawake waonyeshanao mipango ya rangi na kufumuliana makosa, mara nyingi hufichana bei. Mchuuzi hulijua hilo. Humwambia huyu kwamba yule ameuza kwa rahisi, na yule kwamba huyu amekubali rahisi zaidi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Marafiki kumi wakikubaliana bei ya chini ambayo hakuna atakayeuza pungufu yake, mchuuzi hana wa kumgombanisha. Tena siku hizi njia ni nyingi. Picha ya mkeka huweza kufika Mombasa au Nairobi kwa simu kabla mkeka wenyewe haujapanda chombo, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 malipo huweza kumfikia msusi mwenyewe mkononi bila ya kupita kwa mtu wa kati.

Shaka la tatu ni mti na mtoto. Mkoma ukikatwa makuti machanga yote mfululizo hudhoofika, na ukikatwa moyo hufa; mwenye busara huchukua machache, akauacha mti upumue. Binti naye ni hali kadhalika. Kumfungia nyumbani asuke siku nzima na kumnyima shule ni kukata moyo wa mti. Lakini kumlea pasipo kumfundisha chochote cha mikono ya bibi yake ni kuliacha pori likauke. Likizo ya Desemba huangukia mwanzo wa Kaskazi, na majuma machache ya likizo hutosha kumfundisha mtoto ukili wa kwanza.

Kwa hiyo wenye kazi hii wanashauriwa mambo manne. Kila msusi awe na daftari la siku na gharama. Kila kikundi kiwe na bei yake ya chini. Kila mpango mpya wa rangi ufundishwe kwa mtu mwingine angalau mmoja, usije ukazikwa na mwenyewe. Na kila mwenye nyumba, kabla ya kununua mkeka wa dukani, aulize kwanza katika mtaa wake ni nani asukaye. Huenda akapata mkeka utakaodumu, na jirani yake akapata ada ya mtoto shuleni.