Chakula cha Baba na Saratani ya Tezi Dume
Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira

Leo tuzungumze jambo ambalo wazee wetu hulificha: saratani ya tezi dume. Hapa Kenya hakuna saratani inayowapata wanaume wengi kuliko hii.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo, na wanaume peke yao ndio walio nayo. Hatari huongezeka baada ya miaka 50, na zaidi kwa yule ambaye baba yake au ndugu yake aliugua.

Sasa mnatuuliza, je, chakula ndicho kinacholeta? Hakuna chakula kimoja kinacholeta saratani hii, wala kimoja kinachoizuia. Kinachojulikana vizuri ni unene. Mwanaume mnene yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata ile kali, inayosambaa na kuua. Kwa hiyo kitambi si heshima.

Basi turudie mashamba yetu: saga, managu, maharagwe, ugali wa wimbi, matunda. Tupunguze mafuta ya kupikia, nyama choma ya kila siku ya soko, soda na pombe. Na tutembee, si kila safari ni ya bodaboda. Chakula hiki husaidia pia moyo na sukari.

Tujihadhari na wauzaji wa vidonge. Huko Marekani na Kanada wanaume zaidi ya 35,000 waliandikishwa kujaribu vidonge vya vitamini E na madini ya seleniamu. Mwaka 2008 vilisimamishwa kwa sababu havikusaidia. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hii kwa asilimia 17 zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hebu fikirini, mtu auze mbuzi wake kununua hatari!

Na aliye mgonjwa tayari? Ale vizuri apate nguvu: mayai, omena, maharagwe, mboga. Atembee kadiri awezavyo, aache sigara. Lakini mboga haichukui nafasi ya matibabu.

Mzee akiamka usiku mara kwa mara kukojoa, mkojo ukitoka kwa shida, au akiona damu, asiseme "ni uzee tu" au "nimerogwa". Pengine si saratani, lakini aende hospitali apimwe. Tena mwanzoni ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Aliyefika miaka 50, au mapema zaidi kama ugonjwa uko katika jamaa, amwulize daktari kuhusu kipimo cha damu. Ukigunduliwa mapema, hutibika.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini wanaume wetu huchelewa kwenda hospitali?
2. Ni mboga gani tunauza sokoni ambazo watu wa nyumbani hawali?
3. Mfuko wa kikundi unaweza kumsaidiaje mzee nauli ya kwenda kupimwa?