Siku ya Uhuru Ulikuwa Wapi? Kuwatafuta Wazee Wetu Kabla Hatujachelewa
(Maneno yaliyosemwa katika sherehe yetu ya Uhuru, kwa ombi la Kamati)

Ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na meza ya sambusa, sogeeni mbele kidogo, maana kazi ninayokuja kuigawa leo wenye nayo ni ninyi.

Kamati imeniomba niseme juu ya kutafuta asili ya ukoo. Huenda mnajiuliza nesi na ukoo wapi na wapi. Jibu lipo kliniki. Hapa Uingereza mama mjamzito akifika kwa mkunga huulizwa wazee wake walitoka wapi, na wazee wa baba wa mtoto walitoka wapi. Swali hilo halina ubaya. Linasaidia kujua kama kuna uwezekano wa sikoseli au thalasemia katika familia. Mtoto naye akishazaliwa, siku chache baadaye huchomwa kisigino na damu yake hupimwa, na sikoseli ni mojawapo ya magonjwa yanayotafutwa. Nimewaona dada zetu wakikwama kwenye swali hilo la kwanza. Anamjua mama yake, anamjua bibi yake, basi. Upande wa mume? "Nadhani Tanga." Halafu barua inakuja kwamba mtoto amebeba chembe ya sikoseli, na nyumba nzima inashikwa na hofu, wakati kule nyumbani yupo shangazi anayejua kabisa kwamba bibi alizika watoto watatu waliokuwa wakilia maumivu ya viungo. Shangazi hakuulizwa.

Kwa hiyo sisemi juu ya ukoo kwa ajili ya fahari. Nani alikuwa chifu na nani hakuwa, hilo tuwaachie wenye nafasi.

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wenu anacho mfukoni: jina. Sisi Watanzania wengi tuna majina matatu, la kwako, la baba na la babu. Hayo ni vizazi vitatu tayari, umebeba bila kulipia. Tatizo ni kwamba hapa jina la tatu linageuzwa kuwa jina la familia na linaganda hapo hapo. Mtoto wako aliyezaliwa hapa anaitwa kwa jina la babu yako, na mjukuu wako ataitwa hivyo hivyo. Kijana, mwenye jina unaloandika kwenye daftari la shule anaweza kuwa mtu aliyezaliwa wakati wa Mjerumani. Muulize baba leo usiku huyo alikuwa nani. Na majina ya kwanza pia yanasema. Kwa Wasukuma, mtu akiitwa Shija, ujue amezaliwa nyuma ya mapacha. Sasa Kulwa na Doto wake wako wapi? Pengine ni vichanga wawili ambao hakuna karatasi yoyote iliyowahi kuwaandika.

Baada ya jina, simu. Msikimbilie intaneti kwanza. Karatasi hazifi haraka kama watu. Lakini mkipiga simu, msimuulize bibi, "Ulizaliwa mwaka gani?" Atakutajia ule ulioandikwa kwenye kadi yake, na ule alibuniwa na karani. Muulize: "Siku ya Uhuru ulikuwa wapi?" Tarehe 9 Desemba 1961, bendera inapanda, Mwenge unawashwa kileleni Kilimanjaro. Wazee wengi wanajua walikuwa wapi. Ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni? Yupi? Alikuwa anatembea? Hapo una mwaka wa kusimamia, na unaweza kuhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukirudi nyuma zaidi, tumia njaa, nzige na vita. Mgogo akikwambia mama yake alizaliwa wakati wa Mtunya, amekupa tarehe: ni ile njaa kubwa ya mwisho wa Vita ya Kwanza. Mtu wa Songea au Kilwa atakutajia Maji Maji, na hiyo ni 1905 hadi 1907.

Swali la pili ninalolipenda ni la ng'ombe. Mimi ni mtu wa Rungwe, na kwetu mahari ni ng'ombe. Wazee wanaoshindwa kabisa kukumbuka mwaka wa ndoa wanakumbuka ng'ombe walikuwa wangapi, walitoka zizi la nani, na walikwenda kuoza dada au kuoa mke wa kaka. Nilipomuuliza shangazi yangu juu ya mama yake alinipa jina moja tu. Nilipomuuliza ng'ombe za mama yake zilikwenda wapi, alizungumza dakika arobaini, akanitajia nyumba nne ambazo sikuwahi kuzisikia. Nilirekodi kwenye simu, na ninawashauri mfanye hivyo, ila mwombeni ruhusa kwanza.

Naisisitiza hiyo kwa sababu wanawake ndio wanaopotea. Kwenye karatasi za serikali ya kikoloni mwenye kodi ya kichwa ni mwanamume, mwenye kipande cha kazi ni mwanamume. Bibi ni "mke wa fulani". Mahali anapoonekana kwa jina lake ni pachache: kwenye ubatizo, kwenye hati ya ndoa, kwenye kesi ya mahari barazani, na kinywani mwa binti zake.

Sasa tuje kwenye karatasi, tukianza na makanisa. Misheni ziliandika watu mapema kuliko serikali. Bagamoyo ilianzishwa 1868, Rungwe ya Wamoravian 1891. Kitabu cha ubatizo kina jina la mtoto au mtu mzima, wazazi, na wasimamizi. Kwa Wakatoliki, angalieni pembeni mwa ukurasa. Mtu akifunga ndoa hata parokia ya mbali, taarifa inatakiwa irudishwe alikobatizwa na iandikwe hapo pembeni. Kwa hiyo mstari mmoja wa mtoto mchanga unaweza kukuambia miaka ishirini baadaye alioa wapi na alimwoa nani. Vitabu vya zamani vingi viko kwa Kilatini, lakini msiogope, maneno ni yale yale yanajirudia. Andikeni barua kwa adabu kwa paroko au mchungaji, mtaje kijiji, mtaje miaka mnayoikisia, na mtume sadaka kidogo. Karani wa usharika hana mshahara wa kuwatafutia ukoo wenu. Baadhi ya karatasi za misheni ziko huku Ulaya: za Waanglikana wa UMCA, waliokuwa Unguja, Magila na Masasi, ziko maktaba ya Bodleian kule Oxford, za Wamoravian ziko Herrnhut, Ujerumani.

Mjerumani aliandika kama alivyosikia. Mwanza ni Muansa, Moshi ni Moschi, Ujiji ni Udjidji. Kwa hiyo jina la babu lisomeni kwa sauti, msilitafute kwa herufi. Na miji mingine ilikuwa na majina mengine kabisa: Lushoto ilikuwa Wilhelmstal, Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg, Kasanga ilikuwa Bismarckburg. Usipojua hilo utapita juu ya wilaya yako bila kuiona.

Ndugu zetu wa pwani na visiwani mna utajiri wenu. Angalieni kurasa za mwisho za Msahafu wa nyumbani, mababu wengi waliandika humo vizazi na vifo. Zipo hati za ndoa za kadhi, zipo hati za wakfu, na ziko karatasi za utawala wa Sultani katika Nyaraka za Zanzibar. Tarehe zitakuwa za Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo msitoe tu hesabu moja kwa miaka yote. Mwaka 1320 ulianza 1902. Mwaka 1340 ulianza 1921. Na hati zenyewe ni Kiswahili au Kiarabu kwa herufi za Kiarabu. Watoto wetu wanaokwenda madrasa Jumamosi wanaweza kuwasomea wazazi wao, na itakuwa mara ya kwanza wazazi wafurahie kusahihishwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo huwa tunalipitia pembeni. Wengine wetu tutakutana na utumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1922 ni karibu, ndugu zangu. Wapo wazee walio hai ambao mama zao walikuwa wamezaliwa. Ndiyo maana familia nyingine zina hadithi ya babu aliyetoka mbali sana, na hadithi inaishia hapo ghafla. Ukifika kwenye ukuta huo, usimbane mzee mbele ya watu. Nenda taratibu, na akikataa, mwache. Lakini mjukuu asidanganywe kwa sababu sisi tunaona haya. Aliyeuzwa hana aibu yoyote.

Na tutakutana na vita. Wangapi hapa mmesikia nyumbani kwamba babu mzaa babu "alikwenda vitani, hakurudi"? Wengi wao hawakuwa askari wenye bunduki. Walikuwa wapagazi, waliobebeshwa mizigo ya Mwingereza na ya Mjerumani. Jina la Kariakoo, pale mnapokwenda kununua vitenge mkifika likizo, linatokana na jeshi hilo la wapagazi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa popote. Nimetafuta wa kwetu. Rungwe iliangukia mikononi mwa Waingereza Mei 1916, na yeye alichukuliwa baada ya hapo. Nimekwenda Kew, kwenye nyaraka za taifa za hapa. Kadi ya kusomea ni bure na wahudumu ni wapole. Kuna taarifa za maofisa, kuna hesabu za mizigo na za vifo, lakini majina ya wapagazi hayapo kwenye zile nilizosoma. Nilichonacho ni sauti ya shangazi inayotaja jina lake la kabla ya ukoloni, na kwa sasa hiyo ndiyo kumbukumbu yake pekee duniani.

Kwa nyumbani, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza, pamoja na vile vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri waliandika koo na machifu. Someni, lakini kumbukeni aliyesimuliwa alikuwa bwana shauri na msimulizi mara nyingi alikuwa mtu wa chifu. Kama wazee wenu walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, ulizeni mahame yako wapi. Makaburi yako kule, chini ya miembe, hayakuhamishwa pamoja na watu.

Vipimo vya vinasaba vya kununua mtanisamehe, nitavipitia haraka. Vinaweza kukuonyesha ndugu wa karibu. Vinaweza pia kumwambia mtoto jambo juu ya baba yake ambalo hakuna aliyekuwa tayari kulisema. Fikirini kabla ya kutema mate kwenye kichupa.

Mezani pale mlangoni nimeweka karatasi zenye mti mtupu wa vizazi vinne. Upande wa nyuma kuna nafasi ya magonjwa: sukari, presha, sikoseli, macho, saratani, na watoto waliofariki wadogo. Jazeni pande zote mbili kwa penseli. Kama bibi ana bati la karatasi zake chini ya kitanda, mwombeni binamu azipige picha mbele na nyuma, hata risiti za kodi, hata kipande cha mkonge kilichochakaa.

Na kama kuna mtu humu mwenye wazee wa Busokelo, tafadhali tuonane wakati wa chai. Natafuta nyumba moja iliyopokea ng'ombe sita.