Hotuba ya Mwenyekiti: Habari ya Banda Letu la Mboga



Kwanza namshukuru Mungu aliyetufikisha miaka 10. Mahesabu ya hisa ameshasoma mweka hazina, kwa hiyo mimi nitasema habari ya banda.

Sisi wa Makete kipupwe tunakijua. Kuanzia Juni mpaka Agosti, usiku ukiwa na nyota nyingi na upepo umetulia, ujue alfajiri sakitu imelala shambani. Mwaka 2018 tulikopa kwenye mfuko wetu, tukanunua nailoni, tukapasua mianzi na kuikunja kama upinde, tukajenga banda. Ni mimi niliyesema tupande nyanya, maana bei ya sokoni ilinivutia. Katibu alikataa, nikamzidi sauti. Usiku mmoja wa Julai nyanya zote zikawa nyeusi, kama zimemwagiwa maji ya moto. Mkopo ukabaki. Wengine wakataka kujitoa, na haki walikuwa nayo.

Kilichotuokoa ni tuta moja la sukuma wiki na kabichi, alilopanda bibi yetu mmoja pembeni bila kuniuliza. Lile lilisimama.

Hapo ndipo tukajifunza. Nailoni siyo jiko, jamani. Haitoi moto, inatunza tu joto lililoingia kwenye udongo mchana. Basi ndani weka mboga zinazovumilia baridi: sukuma, kabichi, spinachi, karoti, vitunguu. Sia mbegu Machi, ili Juni ikifika mboga imeshakomaa mizizi, kwa sababu kwenye baridi haikui sana, inangoja tu. Majani yasiguse nailoni, yataungua. Jua likipanda fungua milango yote miwili, la sivyo unyevu utaleta ukungu. Maji mwagia asubuhi, siyo jioni. Na jani lililoganda usilichume, subiri jua liliyeyushe. Tena sukuma iliyopigwa na baridi huwa tamu zaidi.

Deni lile tulilimaliza msimu wa pili. Tangu hapo mwenyekiti haamui peke yake, tunapiga kura.

Ndugu zangu, nailoni yetu ya pili nayo imeanza kupasuka kwa jua. Msiache kununua hisa. Na yule bibi wa tuta la pembeni, naomba asimame tumpigie makofi.