Kuitambua Dhoruba Kabla Haijafika

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za dhoruba zitujiazo alasiri hapa Tabora, toka Novemba mpaka Aprili, na jinsi mtu awezavyo kuzitambua mapema.

Wazee wetu waliochukua mizigo kwa njia ya misafara, toka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, walilitazama wingu kama baharia alitazamavyo bahari. Wengi wao walisafiri kiangazi, wakarejea makwao kulima mvua zikikaribia. Njia ile ilituachia miembe, na msafiri wa jua kali huishukuru. Nitarudi kwenye miembe hiyo.

Dalili huanza asubuhi. Jua likichoma mapema, hewa ikawa nzito hata jasho halikauki, ujue ardhi inaipasha moto hewa yenye unyevu, nayo inapanda juu. Kufikia adhuhuri huonekana mawingu meupe kama marobota ya pamba. Yakibaki mafupi, endelea na kazi yako. Bali moja likirefuka kama mnara, likawa jeusi chini, na kilele chake kikatanda bapa kama fuawe la mhunzi, hapo dhoruba imekwisha kuzaliwa. Ndani yake chembe za barafu zagongana, na kwa kugongana huko umeme hujikusanya. Haina haja ya kutumwa na jirani. Tena ukipigwa ghafula na upepo wa baridi wenye harufu ya udongo uliolowa, jua limekaribia sana.

Matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa hutuambia siku ya kutahadhari. Wingu la kijiji chako ni juu ya macho yako. Ukiuona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa 1. Sekunde 30, basi, ni kilometa 10. Ukihesabu tena ukapata 18, dhoruba inakuja, nayo iko kilometa 6.

Hesabu hii niliijua, nikaifundisha, nayo ikanidanganya. Alasiri moja tulikuwa shambani na wanafunzi, tukipalilia mahindi. Nilihesabu 30, kisha 18. Nikawaambia, “Malizeni matuta haya, mvua haitafika kabla ya robo saa.” Kweli mvua haikufika. Iliyofika ni radi, kwenye mwembe ulio kando ya shamba, nasi tukali tukiwaka jua. Mbuzi 3 waliofungwa chini yake walikufa. Watoto walikuwa wameweka vibuyu vyao vya maji pale pale, na dakika chache kabla wawili walikuwa wamekwenda kunywa.

Kosa langu ni kwamba nilipima safari ya mvua. Radi haingoji mvua. Yaweza kupiga kilometa 10 mbele ya wingu. Sekunde 30 si muda uliosalia wa kazi, bali ndio mwisho wa kazi. Na mwembe wetu mwema wa njiani, kwa urefu wake, huipokea radi kwanza, kisha radi huruka toka shinani kumpata aliyejibanza, au hupita ardhini chini ya miguu yake.

Kimbilieni wapi? Nyumba ya nyasi haikingi radi. Mwezi wa Juni 2011, huko Kiryandongo, Uganda, radi iliwaua wanafunzi 18 na mwalimu wao darasani. Na Oktoba 2018, hapa kaskazini yetu Geita, wanafunzi 6 waliuawa shuleni. Kwa hiyo hata shule ya bati yahitaji fimbo ya chuma juu ya paa, na waya mnene uishukishao radi ardhini. Wazazi, ulizeni kama shule yenu inayo. Gari lililofungwa, lenye paa la chuma, nalo lafaa.

Baada ya ngurumo ya mwisho ngojeni dakika 30 ndipo mtoke. Jembe liacheni shambani. Siku hizi wanafunzi wangu hulitupa na kukimbia bila kuniuliza, nami hukimbia nyuma yao.