Mawaziri na Habari za Reli



Jioni hii tunazungumza habari za mikutano ya Mawaziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Wengi wetu tukisikia mkutano kama huo hudhani ni kazi ya kupeana mikono na kupigwa picha. Mara nyingine ni kweli. Lakini mwezi wa Mei 1979 mawaziri wa Tanzania, Zambia, Botswana, Msumbiji na Angola walikutana Gaborone, na walilokuwa nalo mezani lilikuwa riziki: watu wetu watafanyaje biashara bila ya kupita mlangoni kwa adui?

Zambia iliujua uchungu wa swali hilo. Januari 1973 Ian Smith alifunga mpaka wa Rhodesia akidhani Zambia itapiga magoti. Haikupita muda akataka kuufungua, Zambia ikakataa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976, lakini peke yake haikutosha. Oktoba 1978, mvua zinakaribia na mbolea haijafika, Zambia ikalazimika kupitisha mizigo kusini tena. Tusiilaumu. Mkulima hapandi kwa hotuba. Mwaka uliofuata, Oktoba vilevile, askari wa Rhodesia wakalivunja daraja la reli la mto Chambeshi. Adui aliijua thamani ya reli ile kuliko baadhi yetu!

Ndiyo maana nchi 9 zilipokutana Lusaka tarehe 1 Aprili 1980 na kuunda SADCC, Zimbabwe ikiwamo siku 17 kabla ya uhuru wake, hazikuanza na ushuru wa forodha. Zilitanguliza reli na bandari, na kazi hiyo ikapewa Msumbiji, mwenye Beira, Nacala na Maputo. Waziri ambaye mizigo ya nchi yake yote hupita kwa Makaburu, angewakaripia Makaburu kwa sauti gani?

Utawala wa Makaburu ulikwisha mwaka 1994, na mwaka huohuo Afrika ya Kusini ikaingia katika umoja huo, ambao tangu 1992 unaitwa SADC. Sasa wanachama ni 16. Lakini tazameni mazungumzo ya biashara na Umoja wa Ulaya. Tanzania ilikuwa katika kundi la Afrika ya Mashariki, Zambia na Zimbabwe katika kundi jingine, na tarehe 10 Juni 2016, huko Kasane, Botswana, waliotia sahihi kwa jina la SADC walikuwa 6 tu. Tanzania mwaka huohuo ilikataa mkataba wa kundi lake. Kila nchi ilikuwa na sababu zake, na nyingine ni za haki kabisa. Ila Ulaya ilikaa mezani kama mtu mmoja, nasi tukakaa mafungu mafungu.

Baraza la Mawaziri wa SADC hukutana mwezi wa Agosti, kabla ya mkutano wa Wakuu wa Nchi. Wakirudi, tusiwaulize wamepokewaje. Tuwaulize wamekubaliana nini juu ya reli, na safari ijayo ya Ulaya watakwenda mafungu mangapi.